Nyungwe ya Aprili, ya Juni na ya Novemba: msitu mmoja, mvua tatu, na koti la mtumba la Darajani

Assalam aleikum jamani. Kila masika ikikaribia watu wa kazini wananiuliza ile safari ya Rwanda ilikuwaje na mwezi gani mzuri wa kwenda, nimeshaeleza mpaka koo limekauka, basi leo naiandika yote hapa asome anaetaka.

Mie nafanya kazi hoteli huku pwani ya mashariki ya Unguja, na sisi wa mahoteli munajua likizo yetu ya maana ni masika tu. Mwezi wa nne na wa tano wageni wanapungua, hoteli nyengine zinafungwa kabisa, zinapigwa rangi, makuti yanabadilishwa, sisi tunaambiwa haya nendeni mukapumzike mutaitwa. Kwa hiyo ukitaka kwenda kokote utakwenda na mvua yako, huna ujanja. Ndo ikawa Aprili 2024, baada ya sikukuu ya mfunguo mosi, mimi na binamu yangu wa Konde kule Pemba tukaamua kwenda Nyungwe, ule msitu mkubwa wa milimani kusini magharibi ya Rwanda. Binamu kakulia pembeni ya msitu wa Ngezi, mimi nimeshapeleka wageni Jozani mara sizihisabu, tukajiona sisi watu wa misitu.

Tulikwenda kupitia wakala mmoja wa hapa mjini, jina silitaji. Nilimuuliza kabisa, kaka na mvua je, maana ni masika. Akanambia masika ya kule na ya hapa yote masika, na makoti ya mvua mutapewa hukohuko, musijibebeshe mizigo. Nikamuamini. Sasa naomba munielewe hapa kwa sababu ndo sababu kubwa ya mimi kuandika: masika ya kule si masika ya hapa. Maji ni yaleyale, ila mvua yetu inakurowesha tu, unaingia ndani unabadilisha kikoi unakunywa chai ya tangawizi imekwisha. Mvua ya Nyungwe inakurowesha halafu inakugandisha, na wewe uko katikati ya msitu saa mbili kutoka barabarani.

Nimekuja kufatilia baadae nikaona kitu cha ajabu. Kwa wingi wa maji hatupishani sana, Pemba inapata kwenye milimita 1,900 kwa mwaka na Nyungwe ni kwenye 2,000 hivi, upande mwengine zaidi upande mwengine pungufu. Tofauti ni urefu wa ardhi. Huku kwetu kilima kirefu cha Unguja hakifiki hata mita 150 kutoka usawa wa bahari, kule msitu unaanzia mita 1,600 na kitu na kilele cha Bigugu kiko mita 2,950. Na kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama digrii 6 hivi. Piga hesabu mwenyewe, hapa Unguja digrii 30, pale Uwinka, kituo cha wageni ndani ya msitu, kwenye mita 2,400 na zaidi unakuta 15, na ukiwa umerowa na upepo unapiga mwili unahisi pungufu ya hapo. Usiku inashuka chini ya 10. Mtu wa pwani hiyo digrii 9 hajawahi kukutana nayo maishani labda kwenye friji.

Njiani sitoeleza sana. Boti mpaka Dar, halafu basi, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, mpaka Rusumo pale kwenye daraja la mto Kagera, maporomoko yanaunguruma pembeni, unavuka unaingia Rwanda. Ila pale Rusumo kuna jambo moja lililotuumiza na nataka mulijue. Rwanda walipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008 na hawafanyi mchezo. Sisi nguo zetu zote tulizifunga kwenye mifuko ya nailoni ili zisirowe ndani ya begi, na ilikuwa fikra nzuri tu, ikabaki yote pale mpakani. Askari alikuwa mstaarabu, alituelekeza vizuri, lakini mifuko ilikwenda na nguo zikabaki ndani ya begi la kitambaa. Shika hilo, nitalirudia.

Kigali tulilala Nyamirambo, na huko Mzanzibari hatapata shida, misikiti ipo, Kiswahili kipo, chakula halali kipo, jioni vijana wamekaa barazani kama uko Michenzani. Asubuhi ukienda stendi ya Nyabugogo unapata basi la Rusizi linalopita Huye na Nyamagabe, na ukifika Kitabi unaona mashamba ya chai yametandazwa vilimani kama mkeka uliokunjika, halafu ghafla chai inakatika na msitu unaanza, giza, na kioo cha basi kinapata ukungu. Kumbuka tu saa za kule ziko nyuma saa moja na zetu, simu inajibadilisha yenyewe lakini saa ya mkononi haijui, na kwenye safari za kuanza alfajiri hiyo saa moja inakuvuruga.

Haya, Aprili yenyewe. Tulikaa upande wa Gisakura, magharibi ya msitu, siku tatu. Siku ya kwanza tulikwenda Uwinka kwenye lile daraja la kuning'inia juu ya miti, lilifunguliwa 2010, urefu wake mita 160 na pale pa juu kabisa chini yako kuna mita 70. Unalifikia kwa njia inaitwa Igishigishigi, kama kilomita 2 tu kwenda na kurudi, wanasema ni nyepesi na kwenye ukavu kweli nyepesi. Mvuani ni habari nyengine. Udongo ule ni mwekundu wa utelezi, mizizi imetokeza juu ya njia na ina ukoga wa kijani kama wa ukuta wa kisima, unaweka mguu unaondoka bila ya wewe. Binamu alikuwa na kandambili za kufunga, mimi raba za kazini, zile nyeusi za mapokezi, soli bapa. Muongozaji alitutizama miguuni akanyamaza kidogo, halafu akaenda kututafutia fimbo.

Tulianza saa tatu asubuhi kwa saa za kule, anga imefunguka, nikasema alhamdulillahi. Saa tano kasoro ukungu ukapanda kutoka bondeni, ukapanda tu kama moshi wa tanuri la chokaa, baada ya dakika kumi humuoni wa mbele yako. Halafu radi. Muongozaji akasimamisha watu wote, hakuna kukanyaga daraja mpaka ipite, na hapo nampa maksi zote kwa sababu kulikuwa na watu wametoka mbali wanamshinikiza na hakukubali. Tukangoja chini ya kibanda saa nzima na zaidi. Na yale makoti tuliyoahidiwa na wakala ndo yakatolewa hapo: karatasi ya nailoni nyembamba yenye tundu la kichwa. Langu lilichanika kwenye kichaka cha kwanza. La binamu lilidumu mpaka mchana. Fulana ya pamba ikinyonya maji haikauki tena kule, unabaki nayo kutwa kifuani kama kitambaa cha maiti, samahani kwa mfano lakini ndivyo nilivyohisi, meno yanagongana na vidole siwezi kufunga zipu. Tukarudi kwenye chumba tukafungua mabegi, nguo zote majimaji. Ndo ile mifuko ya Rusumo.

Sasa nisije nikaonekana naisema vibaya Nyungwe. Mvua ilipokatika siku ile tuliruhusiwa kupita darajani na wallahi sijawahi kuona kitu kama kile. Hewa imeoshwa. Unaona vilima nyuma ya vilima, kila jani linadondosha, ukungu umebaki vipandevipande mabondeni, makangaga marefu kama minazi michanga yamejikunjua, na kwa mbali ziwa Kivu linang'aa. Binamu kasimama katikati ya daraja mita 70 juu, kashika kamba, akanambia, "Ndugu yangu, huu ni Ngezi ulopandishwa mbinguni." Akakaa kimya. Mtu ambae kutwa anasema.

Na muongozaji wetu, kijana wa upande wa Rusizi, Kiswahili chake cha Kikongo lakini tulifahamiana vizuri, alituonesha jambo ambalo mpaka leo nikilala nalikumbuka. Milima ile ndo inayogawa maji. Tone likianguka mteremko wa magharibi linakwenda Kivu, Ruzizi, Tanganyika, mpaka mto Kongo na bahari ya Atlantiki. Likianguka mashariki linaingia vijito vya Nyabarongo, Akagera, ziwa Viktoria, Nili, mpaka Misri. Ule mto Kagera tuliovuka Rusumo umetoka huku! Basi ile mvua iliyonigandisha kuna mtu Aswan huko ataichotea maji ya chai. Nilianza kuipenda kidogo.

Siku ya pili ilikuwa ya sokwe, kwenye kile kipande cha msitu kiko peke yake kinaitwa Cyamudongo. Unaondoka usiku bado. Wakala katuletea gari dogo la chini, njia ile ni ya udongo na mvua imenyesha usiku kucha, tukakwama mara mbili, mara ya pili tukasukuma na wanakijiji mpaka jua linatoka. Tulipofika wenzetu wameshaingia. Tuliwasikia sokwe tu, wanapiga makelele bondeni yale ya kupandishana mori, tukashuka mteremko kwa makalio, tukafika wameshahama. Hili silisemi kwa msitu, sokwe ni kiumbe huru na muongozaji alishatwambia mapema kwamba wanafata miti iliyozaa matunda na leo huku kesho kule. Nalisema kwa wakala. Ukiuza safari ya masika peleka gari ya masika.

Na ili nitende haki, mwaka ule mvua zilizidi kila mahali kwa sababu ya El Niño, Dar mafuriko, Kenya mafuriko, hata Unguja maji yaliingia majumbani. Kwa hiyo Aprili niliyoipata mie pengine ilikuwa kali kuliko Aprili ya kawaida.

Muongozaji ndo alinifundisha misimu yao na nilifurahi kwa sababu inakwenda sambamba na yetu, ukijua yetu umeshajua yao nusu. Masika yao wanaita itumba, mwezi wa tatu mpaka wa tano, huku milimani inaanza hata Februari mwishoni. Kiangazi kikubwa ni impeshyi, Juni, Julai, Agosti, ndo wakati sisi tuna kusi na kipupwe. Vuli yao ni umuhindo, halafu kuna kiangazi kifupi Disemba mwishoni mpaka Februari wanakiita urugaryi, hapo sisi tuko kwenye kaskazi. Ila angalia sana hapa kwenye vuli: sisi tunaingoja Oktoba, kule inawahi, Septemba mvua zimeshaanza. Mtu akipanga kwenda Septemba kwa hesabu za Unguja atajikuta ndani yake. Na hata kiangazi chao usikichukulie kama kiangazi cha huku, ni msitu wa mvua, hewa yenye maji inasukumwa na upepo mpaka igonge mlima, ikipanda inapoa na ikipoa inamwaga, haiulizi ni mwezi gani. Inakuwa kama ule mchoo wetu wa Julai, rasharasha ya ghafla, nusu saa imepita.

Nikarudi tena Juni 2025, baada ya mfunguo tatu, safari hii na mke wangu. Bosi alinipa siku 10 kabla ya wageni wa Julai hawajamiminika. Hatukupita kwa wakala yoyote, tulipanga wenyewe, sehemu ya sokwe tukaiwekea nafasi mapema kwa sababu Juni mpaka Agosti watu wengi na idadi ya wanaoingia ina kikomo.

Msitu uleule na siujui. Njia kavu, udongo umeshika, Igishigishigi tuliimaliza bila ya fimbo, mke wangu na viatu vyake vya kawaida tu vyenye soli ya meno. Tulipanda na njia nyengine inayotoka Gisakura ikapita ndani ya chai mpaka kwenye maporomoko ya maji, na hayo maporomoko Juni bado yana nguvu, unarowa kwa mvuke ukisimama karibu, ila si ile hasira ya Aprili ambayo usingeweza hata kusogea. Mbega tuliwaona kwa utulivu, weusi na mabega meupe, kundi limetapakaa kwenye miti dakika nyingi linapita tu, kule wako makundi ya mamia na hiyo ndo sifa kubwa ya Nyungwe. Sisi tuliozoea kima punju wetu wa Jozani, thelathini arubaini ukiwaona umeona wengi, ukikaa chini ya kundi lile unachoka kuhisabu. Na sokwe tuliwaona Cyamudongo, kwa gari ya juu ya kukodi safari hii, saa nzima tuko nao, dume moja limelala chali juu ya tawi linakula matunda na kutudondoshea makokwa.

Lakini Juni ina mapungufu yake na watu hawayasemi. La kwanza, ule uoni niliousifu, haupo. Kiangazi watu wanachoma mashamba, vumbi na moshi vinakaa angani, vilima vya tatu na vya nne vinapotea kwenye rangi ya kijivu, ziwa Kivu mke wangu hakuliona mpaka tulipoteremka. La pili, usiku wa Juni ni baridi zaidi. Nilidhani kiangazi ndo joto, kumbe mbingu ikiwa wazi joto lote linapanda juu linaondoka, wakati mawingu ya masika yanafunika kama shuka. Kutia udhu alfajiri kwa maji yale, subhanallah, vidole vinauma mpaka mfupani, omba maji ya moto jikoni usiku na uweke kwenye chupa ya chai, wanakupa bila ya tabu. La tatu, maua ya msituni, yale yanayoota juu ya matawi, Aprili yalikuwa kila pahala na Juni mengi yamekwisha. Na siafu wapo misimu yote, suruali ingiza ndani ya soksi, usiulize kwa nini, ingiza tu.

Kuhusu pumzi, mana naulizwa. Mita 2,400 si Kilimanjaro, huumwi, ila umetoka usawa wa bahari siku mbili nyuma na moyo utakwenda mbio ukipanda. Siku ya kwanza nenda polepole. Kwa akina mama, mke wangu alivaa suruali ndani, gauni la kitambaa chepesi kisichonyonya maji linaloishia chini ya goti, na mtandio mwepesi aliouingiza ndani ya koti, akatembea vizuri kabisa. Baibui la kuburura liache Kigali, ile mizizi italikanyaga. Na chukueni simu yenye dira, kwa sababu ukungu ukishuka jua hulioni, na kibla cha kule kinaelemea mashariki kidogo kuliko tulivyozoea huku ambako ni kaskazini karibu moja kwa moja.

Sasa koti. Kabla ya safari ya Juni nilikwenda Darajani kwenye mitumba, kwa bibi mmoja anauza makoti na masweta ya baridi, vitu ambavyo nilikuwa nikijiuliza Unguja hii ananunua nani. Nikachagua jaketi zuri la bluu, limejaa, zito. Nikamwambia shikamoo bibi, hili bei gani. "Marahaba mwanangu. Unakwenda nalo wapi?" Rwanda bibi, msituni. "Kuna mvua?" Inanyesha sana. Akanipokonya. Kasema hilo la theluji hilo, likirowa utabeba ndoo ya maji mgongoni. Akaingia chini ya meza akatoa jengine la kijani, jembamba, halivutii hata kidogo, akaligeuza ndani akanionesha mishono yote imebandikwa utepe, akaniambia koti la mvua tizama ndani usitizame nje. Halafu kachukua kopo la maji ya kunywa akalimimina palepale kwenye bega la koti, maji yakakusanyika yakawa shanga shanga yakateremka, upande wa ndani mkavu. Elfu 30, hakupunguza hata mia, na sikumbishia. Akanitafutia na sweta jepesi la flisi la kuvaa ndani, elfu 8, akaniambia pamba usivae mwanangu, pamba ya jua.

Hayo maneno matatu ndo yalikuwa yanakosekana kwa wakala niliemlipa laki kwa laki.

Na begi nikampelekea fundi cherehani Mwanakwerekwe, akanishonea mfuko wa turubali wa kukunja mdomo mara tatu, unaingia ndani ya begi. Si plastiki ya kutupa, Rusumo walilifungua wakalitizama wakanirudishia. Nguo kavu safari nzima.

Koti lenyewe Juni halikujaribiwa sana, mvua moja tu ya kama nusu saa. Mtihani wake ulikuja Novemba, wakati binamu kapata senti za karafuu akasema anarudi, ule msitu umemkaa moyoni, mie nikampa koti, sweta na mfuko, na safari hii alinunua mabuti ya mpira yale ya kwenda koongoni, akatia soksi mbili ndani. Taarifa yake ya umuhindo ni hii, naileta kama alivyonambia. Mvua kila siku kasoro siku moja, lakini ina adabu, asubuhi kweupe, inaanza saa saba saa nane mchana, kwa hiyo akianza kutembea mapema anakuwa amesharudi. Njia ina tope ila mabuti yanakamata. Watu wachache, kuna siku alikuwa peke yake na muongozaji. Kijani kimerudi na ziwa kaliona. Siku moja ilimkamata njiani saa mbili nzima, mvua na mawe yake, na ndani ya koti alikuwa mkavu isipokuwa viganja na uso. Sokwe kawaona siku ya pili, ya kwanza hakuwapata.

Kwa hiyo mukinibana niseme. Mwenye watoto wakubwa, mwenye mzee, au anaekwenda mara moja tu maishani, aende Juni au Julai, nampa nyota tano za wepesi na nne za kuona. Mwenye miguu na koti la kweli aende Novemba, na hata Januari na Februari ningesema ziko vizuri kwa hesabu ya misimu yao, ila mimi wa hoteli Januari siwezi kuiona kamwe. Aprili siikatazi. Nyota tatu, na mbili zilizopungua moja ni ya njia na moja ni ya baridi, si ya msitu wala ya wale waongozaji ambao mara zote mbili walikuwa watu wa kuaminika. Ukiwa huna likizo nyengine kama sisi, nenda Aprili, lakini usiende na karatasi ya nailoni yenye tundu la kichwa.

Koti lilirudi kutoka Pemba mwezi uliopita, limefungwa ndani ya kanga na kilo moja ya karafuu. Nikalipeleka Darajani kwa bibi sio kwa kuuza, nilitaka tu alione. Akaniuliza, "Lilivuja?" Nikamwambia halikuvuja bibi, ila kwapa la kushoto utepe umeanza kuachia. Akavaa miwani, akalipindua, akalipitisha kidole polepole mpaka akafika pale. Akasema niache nalo mwanangu, njoo Jumatatu.